Emuleta ya KOReader inakataa kujengeka

SWALI: Ninaandika programu ya nyongeza kwa ajili ya KOReader, ile programu huria ya kusomea vitabu kwenye Kindle na Kobo. Nilipakua msimbo wake kama faili la zip, lakini nikiamuru ./kodev build kwenye Linux ili kujenga emuleta, yaani programu inayoiga kifaa cha kusomea kwenye kompyuta, kazi inakatika kwa sababu ya faili zisizopatikana. Rafiki yangu aliyefanikiwa kuendesha emuleta anasema nyongeza yangu inapendeza humo, ila kwenye Kobo Clara HD yake vitufe ni vidogo mno. Tatizo ni nini? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Kompyuta yako haina kosa. Msimbo wa KOReader umegawanywa katika hifadhi kadhaa za Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) zinazotegemeana, na faili la zip la GitHub, tovuti unakopatikana msimbo huo, huja na folda za hifadhi tegemezi zikiwa tupu, kwa hiyo hata ukiwa na vifaa vyote vya ujenzi hutafika mbali. Lifute, nakili mradi kwa git clone, kisha endesha ./kodev fetch-thirdparty ili sehemu zilizokosekana ziletwe, ndipo ufuatishe ./kodev build na ./kodev run. Ujenzi wa kwanza hula muda na data, uvumilie.

Suala la vitufe ndilo zito, kwa maana hapo emuleta huwapotosha hata waandishi makini. Isipoelekezwa vingine, huiga skrini ya pikseli 160 kwa inchi, ambapo kitufe cha pikseli 40 kina upana wa robo inchi. Clara HD ina pikseli 1072 kwa 1448 katika inchi 6, yaani takriban 300 kwa inchi, na kitufe hichohicho hubaki na milimita zisizozidi 4, kiasi kwamba kidole cha mtu mzima hukigusa kwa kubahatisha. Tafadhali usiandike pikseli tupu mahali popote. Pitisha kila kipimo kwenye Screen:scaleBySize(), inayokirekebisha kulingana na skrini, kisha ujaribu kwa ./kodev run --screen-width=1072 --screen-height=1448 --screen-dpi=300.

Hata hivyo, dirisha la kompyuta halitakuonyesha vivuli vya ukurasa uliotangulia vinavyobaki kwenye skrini ya wino wa kielektroniki. Aina ya uonyeshaji upya unayoitaja katika UIManager:setDirty(), amri ya kuchora skrini upya, iwe "ui" au "full", ipimwe kwenye Kobo yenyewe, na nyongeza ikianguka huko, soma crash.log, faili linalorekodi hitilafu, ndani ya folda ya koreader.