Nianzie wapi kuandika skripti za gemu?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Nimemaliza Fomu Foo na nina laptopu ya zamani ya RAM GB 4, haina kadi ya picha. Intaneti natumia bando la simu. Nataka kutengeneza gemu ya mbio za punda kama zile za Maulidi, lakini sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Huyu ananiambia nianze na C++, yule Lua, mwingine Unity. Nishike lipi? Na je, itachezeka kwenye simu?

JIBU: Wa aleikum salaam, kijana wangu. C++ iweke kando kwa sasa. Hiyo ni lugha ya kuundia injini yenyewe, yaani programu inayotengenezewa gemu, na anayeanza nayo hukaa miezi akipambana na kumbukumbu ya kompyuta kabla hajaona kitu kikitembea kwenye skrini. Unity ni injini nzuri na hutumia lugha ya C#, ila kuipakua ni GB kadhaa, na kwenye RAM ya GB 4 itajikokota. Aliyekutajia Lua hakukosea: ni lugha nyepesi iliyozaliwa Brazil mwaka 1993, na Roblox hutumia tawi lake liitwalo Luau. Lakini Roblox Studio inataka intaneti kila unapoketi kufanya kazi, na wewe unahesabu bando.

Kwa mashine yako chukua injini ya Godot 4 na lugha yake, GDScript. Ni ya bure, inakuja kwa zipu isiyofika MB 150, na haisakinishwi: unafungua zipu, unabofya faili, inaanza. Chukua toleo la kawaida, si lile lililoandikwa .NET. Unapounda mradi mpya utaulizwa aina ya renderer, yaani njia ya kuchora picha. Chagua Compatibility. Zile mbili nyingine zinategemea mifumo mipya ya uchoraji kama Vulkan, ambayo kompyuta nyingi za umri wa yako hazina au zinayo kwa jina tu. Maelezo ya kila amri yamo humo humo ndani: bonyeza F1, andika jina la amri, usome bila kutumia hata MB moja.

Jambo moja litakalokuokoa usiku mwingi: masomo mengi ya video ni ya Godot 3, na majina yamebadilika. Ukimsikia mwalimu wa video akisema KinematicBody2D, kwako ni CharacterBody2D. Akiandika instance(), kwako ni instantiate(). Msimbo wake ukikukatalia, angalia toleo kwanza kabla hujajilaumu.

Sasa punda. Usiguse picha, sauti wala menyu. Kila mradi mpya wa Godot huja na picha iitwayo icon.svg, huyo ndiye punda wako kwa wiki ya kwanza. Tengeneza sini (jukwaa moja la gemu) yenye nodi (kipande kinachoijenga sini) ya Node2D, uiite Mbio. Chini yake weka CharacterBody2D, uiite Punda, na ndani ya Punda weka Sprite2D na CollisionShape2D. Iburute icon.svg kwenye Texture ya Sprite2D. Kwenye CollisionShape2D chagua umbo la RectangleShape2D na ulivute lilingane na picha. Usipochagua umbo utaona pembetatu ya njano, na punda atapita ndani ya vitu kama jini. Msimamishe Punda kwenye x 576 na y 540, kwa maana skrini ya kuanzia ni 1152 kwa 648 na sifuri iko kona ya juu kushoto. Kumbuka pia kwamba y huongezeka ikishuka, kinyume na grafu za shuleni. Kisha mpe Punda skripti hii:

extends CharacterBody2D

const KASI = 220.0

func _physics_process(_delta):
	var upande = Input.get_axis("ui_left", "ui_right")
	velocity.x = upande * KASI
	move_and_slide()

Bonyeza F6, tumia mishale ya kibodi, naye ataenda kushoto na kulia. Kabla ya kuongeza chochote, chezea ile 220. Weka 60, weka 900, weka hasi uone mishale ikigeuka. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kisha endesha tena. Wanaobadilisha vitu vitano kwa pamoja hawajui ni kipi kilichoharibu.

Majina unayotunga mwenyewe yanaweza kuwa ya Kiswahili, kama KASI na upande hapo juu, na mimi napendelea hivyo kwa anayeanza, kwa sababu unaona mara moja lipi ni lako na lipi ni la Godot. Ila usiweke nafasi wala kistari cha kati, na jihadhari na ng'ombe: ile alama ya juu huanzisha maandishi yaliyonukuliwa, kwa hiyo mstari mzima utakuwa mwekundu. Andika ngombe.

Kinachowatatiza wengi si lugha, ni wakati. Gemu huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde, na kila mchoro ni fremu. Chukua mkokoteni unaoteremka kumjia punda. Ukiandika position.y += 3, umesema pikseli 3 kila fremu. Mashine ya fremu 60 kwa sekunde itausogeza pikseli 180 kwa sekunde, na utavuka skrini yote kwa sekunde 3.6. Laptopu yako ikichoka na kushuka hadi fremu 20, mkokoteni huo huo utachukua sekunde 10.8. Kwa rafiki mwenye skrini ya fremu 144 kwa sekunde, sekunde 1.5 tu. Ni gemu moja, na watu watatu wanacheza mchezo tofauti. Dawa yake ni delta, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Tengeneza sini ya pili, mzizi wake Area2D, ndani yake Sprite2D na CollisionShape2D yenye umbo, uihifadhi kwa jina mkokoteni.tscn, na uipe skripti hii:

extends Area2D

var kasi = 180.0

func _process(delta):
	position.y += kasi * delta
	if position.y > 700:
		queue_free()

Sasa ni pikseli 180 kwa sekunde popote. Lakini usije ukaipeleka delta kwa Punda pia. move_and_slide huizidisha yenyewe. Ukiandika upande * KASI * delta, 220 yako inakuwa kama 3.7, na utabonyeza mshale ukidhani kibodi imekufa. Kanuni ni hii: ukigusa position mwenyewe, zidisha kwa delta; ukigusa velocity kisha ukaita move_and_slide, usizidishe.

queue_free nayo usiiache. Mkokoteni ukija kila sekunde 1.5, ni 40 kwa dakika. Bila kuifuta, baada ya dakika kumi una mikokoteni 400 inayoteremka gizani chini ya skrini, na RAM yako ya GB 4 haina subira hiyo.

Ili ije yenyewe, ongeza nodi ya Timer chini ya Mbio, Wait Time 1.5, na uweke tiki kwenye Autostart (hapo ndipo wengi husahau, wakakaa kusubiri mkokoteni usiokuja). Mpe Mbio skripti yake:

extends Node2D

const MKOKOTENI = preload("res://mkokoteni.tscn")

func _on_timer_timeout():
	var m = MKOKOTENI.instantiate()
	m.position = Vector2(randf_range(100, 1050), -60)
	add_child(m)

Kuiandika fankisheni hiyo hakutoshi. Ichague Timer, nenda kwenye kidirisha cha Node kando ya Inspector, fungua Signals, bofya timeout mara mbili na uiunganishe na Mbio. Usipounganisha, hakuna kosa litakaloonyeshwa. Kutakuwa kimya tu. Fanya vivyo hivyo kwa body_entered ndani ya sini ya mkokoteni, ukiiunganisha na mkokoteni wenyewe, na ndani ya fankisheni yake andika print("Umegonga!"). Neno hilo likitokea kwenye Output, umeshajua kugongana. Lisipotokea, washa Visible Collision Shapes kwenye menyu ya Debug uone maumbo yanagusana au la.

Makosa mengine mawili utayakuta tu. Ukiona ujumbe wenye neno Nil, maana yake umeiomba kazi nodi ambayo Godot haikuipata. Mara nyingi umebadilisha jina kwenye mti na skripti bado inaita la zamani, au umeandika $punda badala ya $Punda. Na ukilalamikiwa kuhusu tab na nafasi, umenakili msimbo kutoka mahali pengine: futa nafasi zilizo mwanzoni mwa kila mstari, upige Tab mwenyewe. Ujumbe wa kwanza ndio wa kusoma. Iliyo chini yake mara nyingi ni watoto wake.

Hifadhi nakala kwenye flashi kila jioni uliyofanya kazi. Folda iitwayo .godot unaweza kuiacha nje ya nakala. Hujitengeneza upya ukifungua mradi.

Simu inawezekana, lakini usiianze leo. Vifurushi vya kusafirishia gemu ni kama GB 1 au zaidi, na kwa Android utahitaji pia JDK 17 na Android SDK, ambazo ni zana za kuundia programu za simu, kwa hiyo subiri siku utakayopata wifi ya mtu. Tangu sasa yape mafaili majina ya herufi ndogo tupu, punda_mbio.png na si Punda_Mbio.PNG. Windows haijali tofauti hiyo ila Android inajali, na picha iliyoonekana kwenye laptopu haitaonekana kwenye simu. Tena simu haina mishale: gemu itafunguka, mikokoteni itashuka, na punda atasimama palepale. Weka nodi mbili za TouchScreenButton, zipe picha, na kwenye sehemu ya Action ya moja uandike ui_left, ya pili ui_right. Skripti ya Punda haibadiliki hata herufi.