Mfumo Mpya, Daftari la Zamani: Maswali Yenu ya Kazini

Tumeweka mfumo wa majalada ya kompyuta. Tulifanya semina, tukagawa fulana. Miezi mitatu sasa, watu bado wanatumia karatasi. Tuwape barua za onyo? (Ofisa utumishi, Mwanza)

Weka barua pembeni. Nenda masijala, kaa na karani tangu asubuhi mpaka saa sita. Utamwona anapokea barua, anaiandika kwenye daftari, anaiskani, anaiingiza kwenye mfumo, kisha anaichapisha upya kwa sababu mkurugenzi hasomi kwenye skrini. Anataka jalada mezani, aandike dokezo kwa wino. Mtandao ukikatika, anayetukanwa dirishani ni karani huyohuyo. Mmemwongezea mzigo, halafu mnasema anapinga mabadiliko.

Nimeshaandika na nitaendelea kuandika: mabadiliko yaanzie kwa mkubwa. Siku mkurugenzi atakaporudisha jalada la karatasi na kusema atalisoma kwenye mfumo, daftari litafungwa bila onyo. Mfano tunao. OPRAS, utaratibu wa wazi wa kupima utendaji wa mtumishi, iliingia katika utumishi wa umma 2004, na ofisi nyingi zikawa zinajaza fomu mwisho wa mwaka, ilimradi zimejazwa, malengo na matokeo kwa siku moja. Bosi na mtumishi aliye chini yake hawakuwa wamekaa wakazungumza. Ikaja PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake, na mazungumzo hayo bado lazima yafanywe na watu.

Tutapunguza wafanyakazi, lakini tungependa kuwaambia mwishoni wasije wakavuruga kazi. Inaruhusiwa? (Jina limehifadhiwa)

Hairuhusiwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aeleze yote yanayohusika, na ashauriane nao kupitia chama chao au wao wenyewe: sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua, muda na kiinua mgongo. Ukiwaita siku ya mwisho na bahasha mkononi, mtaonana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kunakopelekwa migogoro ya kazi.

Hukuuliza, lakini nakuonya. Kima cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Aliyewatumikia miaka 20 anaweza kuondoka na siku 70 tu. Wanaobaki wanalijua hilo, na wanaangalia mnavyomtendea.

Naomba sampuli ya barua ya kutangaza muundo mpya.

Ombi hili haliishi. Sina. Itisha kikao, uulizwe maswali ana kwa ana.

Mzee mmoja wa uhasibu anapinga kila kitu. Tumhamishe?

Mwombeni aandike yote anayoona yatakwama, mumjibu moja baada ya jingine. Huenda ndiye pekee anayekumbuka ni upotevu gani wa fedha uliofanya utaratibu wa zamani uwekwe.

Shikamoo. Mimi ni karani wa mapato. Tumeambiwa tutumie kitabu na mfumo kwa pamoja “mpaka tuzoee”. Mpaka lini?

Marahaba, binti yangu. Omba tarehe, tena kwa maandishi. Kwenda na njia mbili kwa muda kunasaidia kulinganisha hesabu, lakini bila tarehe ya kufunga, risiti itakuwepo kitabuni, kwenye mfumo haipo, na utakayeulizwa ni wewe. Kwa sasa, kila jioni linganisha jumla za pande zote mbili, andika tofauti, msimamizi wako asaini kabla hujaondoka.