Anti, baba hataki nisome Historia

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni binti wa miaka 20 nipo Moshi, nimemaliza form six kombi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na Historia nimepata A. Nataka kuomba digrii ya Historia ila baba kakataa kabisa, anasema hawezi kuuza ng'ombe ili nikasome habari za watu waliokufa, anataka Ununuzi na Ugavi kama binamu yangu. Mama yupo kimya. Nifanyeje?
Binti wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa hiyo A. Baba yako anaogopa na hofu yake ina sababu, mtaani wahitimu wanazunguka na bahasha za kaki, ila hao wa Ununuzi nao wapo humo humo. Hilo la watu waliokufa ndo nalikataa.

Nikwambie kilichotokea kwetu huko juu. Mama yangu mdogo alifiwa na mume, ukoo wa mume ukaanza kudai kihamba, yani shamba la migomba la familia, siku ya kikao wakatoa karatasi ya mauziano ya 1962, imekunjwa mara nne, imechakaa mpaka wazee wote wakanyamaza. Binti yake aliyesoma Historia chuo akaomba kuishika, akaisoma taratibu, akafika kwenye mhuri alafu akauliza kwa upole tu, baba zangu, 1962 jina Tanzania lilitoka wapi? Manake mhuri una tarehe hiyo hiyo ya 1962 na umeandikwa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, wakati muungano wenyewe ni Aprili 1964 na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. Hakuna aliyejibu. Mama mdogo anavuna ndizi pale mpaka leo.

Hicho ndo wanachofundishwa chuo, yani kila karatasi unaiuliza nani kaiandika, lini, na alikuwa anatafuta nini. Kukariri miaka kuliishia form four.

Na hapa Arusha tumeona uzito wake. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilikaa pale AICC, jengo la mikutano, Umoja wa Mataifa uliiunda 1994 na ikafungwa mwisho wa 2015. Alison Des Forges, mwanahistoria wa Marekani aliyeichunguza Rwanda miaka mingi, alitoa ushahidi wa kitaalamu kwenye kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, ile ambayo hukumu yake ya Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Ila kwenye kesi nyingine mshtakiwa alikuwa Ferdinand Nahimana, naye ni profesa wa historia, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM iliyochochea mauaji, akakutwa na hatia 2003. Hili linaniuma sana mwanangu, kwa hiyo ukiisoma isome kwa uaminifu.

Sasa mfuko. Mi ningekushauri digrii ya Ualimu, Historia iwe somo moja la kufundishia na la pili Kiingereza au Jiografia, alafu ujifunze kompyuta na Kijerumani kidogo. Kuna kazi za kutunza nyaraka, makumbusho, na utalii pia, Old Moshi wageni wanapanda kuona pale Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa pale, Machi 1900, na wanataka mtu anayeijua habari yenyewe.

Baba usimpe hotuba. Ongea na mama kwanza akuunge mkono, alafu Jumapili baada ya ibada muulize baba habari za kahawa ya babu yake, KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianza 1933, wakulima waliungana kwa nini, mzee aliuzaje. Atakuhadithia mpaka giza liingie. Hapo ndo umwekee karatasi yenye chuo, ada, mkopo wa bodi na kazi unazozilenga. Akikataa tena mwombe baba mkubwa au mchungaji akae nae, na kwenye maombi weka Ualimu chaguo la kwanza, Ununuzi iwe la pili.