Kontena 40 hazitoshi: maswali yenu kuhusu miradi ya betri kubwa

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni injinia bado mchanga, nimepewa niandike spesifikesheni ya vifaa vya mradi wa kuhifadhi umeme, megawati 50 kwa saa 4. Wauzaji wote wana kontena za betri za MWh (megawati-saa) 5, nikachukua 200 nikagawa kwa 5 nikapata kontena 40. Bosi anasema niagize tu. Kuna kitu nimeruka?

JIBU: Vipo ndugu yangu, tena vikubwa. Hesabu yenyewe haina kosa ila hebu tuone hizo MWh 5 zinatoka wapi. Ukifungua kontena la aina hiyo mara nyingi unakuta seli za LFP (aina ya betri ya lithiamu) za Ah (ampea-saa) 314, kila moja volti 3.2, zidisha hapo unapata kama kWh 1 kwa seli. Zimepangwa kwenye raki 12, kila raki seli 416 mfululizo, jumla 4,992, ndo hiyo MWh 5 na chenji kidogo. Sasa hiyo imepimwa kwenye seli, upande wa DC (umeme wa mkondo mmoja unaotoka kwenye betri), betri mpya kabisa. Gridi haichoti umeme kwenye seli, umeme unapita kwenye nyaya, unapita kwenye inveta inayougeuza kuwa AC ya gridi, unapita kwenye transfoma na kote huko unakatwa, afu pampu na mitambo ya kupooza nayo inakula humohumo, na betri yenyewe inachakaa mwaka hadi mwaka. Yaani kwa kontena 40 unakuwa pungufu siku ya kwanza kabla hata uchakavu haujaanza.

Kwa hiyo idadi ya kontena usiiandike wewe. Andika unataka MWh 200 zipimwe kwenye pointi ya kuunganisha na gridi, umeme wa kupooza ukiwa umeshatolewa, joto la nje likiwa kiasi gani, kwa mizunguko mingapi ya kujaza na kutumia betri kwa mwaka, na mpaka mwaka wa ngapi. Muuzaji ndo aumize kichwa ni kontena ngapi. Pia amueni mapema kama mtanunua ziada mwanzoni au mtaongeza betri baadaye, maana kama ni baadaye basi nafasi, misingi na njia za nyaya viwepo kwenye mchoro wa sasa hivi, si mje kuchimbua uwanja wenye mitambo inayofanya kazi.

Kingine ambacho watu wanakipita mbiombio ni volti. Seli 416 zikijaa, kila moja kama 3.6, unakaribia volti 1,500, ambayo ndo kikomo cha vifaa vingi vya DC vya miradi hii. Zikishuka mpaka 2.7 uko kwenye 1,120 hivi. Volti ikishuka, inveta inabidi ivute ampea nyingi zaidi kutoa nguvu ileile, na hapo ndo nyingine zinaishiwa pumzi. Dai megawati 50 kamili kwenye volti ya chini kabisa na joto la juu kabisa kwa pamoja, uletewe na grafu inayoonyesha hivyo.

SWALI: Stoo tuna fyuzi nyingi za AC, ampea ni zilezile za upande wa betri. Tunaweza kuzitumia?

JIBU: Hapana, ziacheni stoo. AC ya hezi 50 inapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, cheche inapata nafasi ya kuzimika. DC haina sifuri hiyo, cheche inaendelea kuwaka tu. Fyuzi iwe imeandikwa volti za DC, na iweze kukata mkondo wa shoti ulio mkubwa kuliko wote unaowezekana. Kumbuka raki moja ikipiga shoti zile nyingine 11 zote zinaimwagia umeme.

SWALI: Kontena likiwa na gesi ya kuzimia moto si tuko salama?

JIBU: Aprili 2019 kituo cha betri cha McMicken, Arizona, Marekani, kilikuwa nayo na ikafyatuka. Tatizo gesi ile haisimamishi joto linaloruka kutoka seli moja kwenda nyingine, na seli zikichemka hivyo zinatoa haidrojeni na gesi nyingine zinazoshika moto. Zikajaa ndani, wazimamoto walipofungua mlango kukalipuka, wanne wakaumia vibaya. Kwa hiyo spesifikesheni itaje vitambua gesi, feni za kuitoa na paneli za kuachia mlipuko, na umbali kati ya kontena na kontena usipangwe kwa kukisia. Omba ripoti ya jaribio la UL 9540A, linalopima moto unavyosambaa kwenye betri, yote, si ukurasa wa kwanza tu. Halafu soma namba ya modeli ya seli iliyojaribiwa uilinganishe na ya seli unayouziwa, kama ni tofauti hiyo ripoti si yako, mrudishie.