Sola laini juu ya gari la safari: tazama paa kabla ya kutazama wati

Sola laini, zile paneli nyembamba za plastiki zinazokubali kupinda kidogo, zinauzwa kwa sifa mbili za kweli: ni nyepesi, na hubandikwa bila fremu. Jambo ambalo muuzaji halitaji ni kwamba hufa mapema. Paneli ya kioo yenye fremu ya alumini kwa kawaida hupewa dhamana ya uzalishaji wa umeme ya miaka 25. Sola laini nyingi hupewa mwaka mmoja hadi mitano, na juu ya bati la gari linaloshinda juani Mtwara hata hiyo mitano ni ya kuipigania. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wati ngapi, panda juu ulitazame paa lako.

Kama gari ni Land Cruiser yenye keria ya chuma, funga paneli ya kioo. Keria inaacha hewa ipite chini, na uzito si hoja: wati 100 za kioo ni kilo 6 hadi 8, hivyo wati 300 hazizidi kilo 24. Sola laini ina haki yake pale ambapo kioo hakikai vizuri: paa la faiba lililoinuliwa la Hiace au Coaster iliyogeuzwa kuwa ya kulala, mfuniko wa hema la juu ya gari unaoinuliwa kwa mikono, au boti ya faiba. Hapo kilo 2 au 3 kwa kila wati 100 zinaleta tofauti. Paa bapa la bati lisilo na keria liko katikati. Ukiweza kulifungia reli mbili za alumini, bado tungechagua kioo.

Sasa tuseme paa lako linadai sola laini. Cha kwanza kukagua ni ngozi ya juu. Kuna aina mbili kuu sokoni, PET na ETFE. PET ni plastiki ya bei nafuu. Juani hubadilika kuwa ya njano, kisha huanza kuachana na seli zilizo chini yake. Maji yakishapata njia hiyo, hasa haya yenye chumvi ya Mikindani na Msimbati, kazi imekwisha. ETFE hustahimili jua na chumvi kwa muda mrefu zaidi na haishiki uchafu sana. Mara nyingi utaitambua kwa uso wenye vijishimo vidogo vidogo unavyovisikia kwa ukucha, wakati PET huwa laini na yenye kung'aa. Si kipimo cha uhakika, maana siku hizi kuna PET iliyochongwa ifanane, kwa hiyo jina la ETFE liwe limeandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Muuzaji asiye na karatasi hiyo, mwache na mzigo wake.

Cha pili ni seli zenyewe. Seli ya silikoni ni nyembamba na inavunjika kama biskuti, hata ikiwa ndani ya plastiki inayopinda. Kwenye paneli za kawaida utaona mistari ya fedha ikipita juu ya seli. Hiyo ndiyo inayokusanya umeme. Seli ikipata ufa, kipande kilichotengana na mistari hiyo hakizalishi tena, na umeme unaolazimishwa kupita kwenye njia iliyobaki hutoa joto. Hapo ndipo linapoanza lile doa la kahawia ambalo baadaye hutoboa plastiki. Aina ya pili haina mistari usoni: viunganishi vyote viko nyuma, juu ya utando wa shaba. Hii hupata nyufa vilevile, lakini shaba huvishika vipande pamoja na umeme unaendelea kupita. Inauzwa ghali zaidi. Kwa gari litakalopita barabara za vumbi zenye mawimbimawimbi, ukielekea Liwale kwa mfano, mtetemo wa kutwa nzima ndio mtihani wenyewe, na tofauti hiyo ya bei inafaa kulipwa.

Neno kupinda nalo lina mpaka. Watengenezaji wengi huruhusu nyuzi 30 hivi kwa urefu wote wa paneli, tena kwa upande mmoja tu. Ipinde mara moja, siku ya kuibandika, na iache hapo. Paneli inayokunjwa na kukunjuliwa kila kambi, au inayofungwa kwa kamba kwenye vile vitundu vya pembeni na kuachwa ipigwe na kusi, huchoka haraka. Kule kupigapiga kwa upepo ndiko kunakovunja seli. Ukilazimika kuiweka juu ya turubai, ishone au ibandike kwenye ubao mwembamba wa faiba kwanza, kisha ufunge ubao, si paneli.

Wati za kwenye lebo zihakiki kwa futi kamba. Jua kali la mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na seli nzuri hugeuza asilimia 22 au 23 kuwa umeme. Maana yake mita moja ya mraba haiwezi kukupa zaidi ya wati 230. Paneli ya mita 1.05 kwa 0.54 ina mita za mraba 0.57, hivyo wati 100 hadi 125 ni kweli. Ikiandikwa 250, unadanganywa mchana kweupe. Baada ya futi kamba, tumia multimita. Saa sita, anga likiwa halina mawingu na paneli ikilielekea jua, paneli ya wati 100 ya kawaida husoma volti 20 hadi 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu, na ampea 5 hadi 6 ukizikutanisha nyaya zake kupitia tundu la ampea 10 la mita. Volti peke yake hazithibitishi kitu, maana hata paneli iliyokufa nusu huonyesha volti nzuri. Angalia ampea. Na usipime hivyo paneli ya wati 200 yenye volti hizohizo, utaunguza fyuzi ya mita.

Joto ndilo linaloua

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Paneli nyeusi iliyobandikwa moja kwa moja kwenye bati, gari limesimama na hakuna upepo, hupita nyuzijoto 70 bila shida. Wati za kwenye lebo zimepimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25, na kila nyuzi moja inayoongezeka huondoa karibu asilimia 0.35. Kwenye 75 umepoteza asilimia 17 na ushei. Tena volti nazo zinashuka: paneli ya volti 18 za kazi inabaki na 15 hivi. Toa upotevu wa waya, kisha kumbuka betri inataka 14.4 ili ijae. Unaona mwenyewe kwa nini gari linashinda juani Lindi nzima na betri haifiki juu. Watu hulaumu betri, wanabadilisha betri, na tatizo linabaki paani.

Dawa ni nafasi ya hewa kati ya paneli na paa. Tumia bati la polikaboneti lenye matundu ndani, lile la kuingizia mwanga kwenye mapaa, la unene wa milimita 6 hadi 10. Likate kubwa kidogo kuliko paneli na ulaze matundu yake yaelekee mbele na nyuma ya gari, ili hewa ipite safarini. Ncha za matundu ziache wazi lakini uzizibe kwa wavu mwembamba; nyigu wa udongo wakishajenga humo, hewa haipiti tena. Kumbuka polikaboneti hutanuka: kipande cha mita moja hurefuka zaidi ya milimita 2 kati ya alfajiri na mchana mkali. Kwa hiyo usikibane kwa skrubu. Kibandike kwa gundi ya poliyurethane, ile wanayobandikia vioo vya mbele vya magari, kwa mistari yenye unene wa milimita 3 hivi, iweze kuvutika. Jaribu gundi kwanza kwenye kipande cha ziada ukiache siku mbili, kwa sababu baadhi ya gundi na visafishio huipasua polikaboneti nyufa ndogondogo. Silikoni inayonuka siki usiitumie kabisa: asidi yake hula chuma.

Kabla ya gundi, osha paa kwa sabuni, kwaruza kidogo kwa msasa mwembamba, futa kwa spiriti na usubiri pakauke. Rangi inayobambuka iondoe, la sivyo utakuwa umebandika sola kwenye rangi na si kwenye gari. Mistari ya gundi nayo ielekee mbele na nyuma, maji ya mvua yapate pa kutokea. Ukingo wa mbele wa paneli ndio uzibwe wote, bila kuziba matundu ya polikaboneti, upepo wa mwendo usije ukaingia chini na kuifunua. Acha gari siku mbili bila safari.

Kuhusu kuilaza au kuiinamisha: Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua huwa utosini karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 22 Februari, kwa hiyo paneli iliyolala bapa inafaa. Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa nyuzi 33 hivi na unapoteza takriban asilimia 17 kwa saa hiyo. Si hasara ya kukunyima usingizi.

Wati ngapi basi? Piga hesabu kwa vyombo ulivyonavyo. Friji ya kompresa ya lita 40 hula wati 45 inapounguruma, na kwenye joto la pwani huunguruma karibu nusu ya siku: wati-saa 540. Feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5 ni 75, simu nne ni kama 60. Jumla 835. Upande wa pili, wati 100 za sola laini iliyolala bapa, kwa saa 5 za jua kamili na ukikata asilimia 30 ya joto, vumbi na waya, hutoa 350. Unahitaji wati 300. Bila friji, wati 100 zinatosha sana, na ndiyo maana tunawashauri wasio na samaki wa kuhifadhi waachane na friji. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 itavuka usiku kwa raha. Ya asidi ya ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, na nusu hiyo ni usiku mmoja tu. Mvua za kusini zikianza, Desemba hadi Aprili hivi, usitegemee paa peke yake: weka chaja ya kupokea umeme wa alteneta gari likitembea.

Paneli mbili ziunganishe kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, ukiwa na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na unaegesha pa wazi. Volti zinakuwa 36, joto haliwezi kuzishusha chini ya betri, na waya mwembamba unatosha. Ukipenda kuegesha kivulini, unganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa sababu kivuli cha tawi moja kwenye mfululizo huvuta paneli zote. Hapo waya ndio unaokula: ampea 11 kwa umbali wa mita 5 hupoteza volti 0.76 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, volti 0.47 kwenye wa 4, na 0.32 kwenye wa 6. Zikiwa tatu sambamba, kila moja iwe na fyuzi yake kwa kiwango kilichoandikwa kwenye lebo, maana mbili nzima zinaweza kusukuma umeme kwenye ile yenye hitilafu hadi iungue. Fyuzi nyingine iwe karibu kabisa na betri. Kontrola iunganishe na betri kwanza, kisha paneli. Kinyume chake baadhi ya kontrola hukosea kusoma volti au huungua. Kwa magari ya pwani nunua waya wa shaba uliopakwa bati. Ule mtupu hugeuka kijani ndani ya plastiki na huoni.

Usiegeshe chini ya mkorosho, hasa msimu wa mabibo. Kivuli ni tatizo la kwanza; maji ya mabibo, yanayonata na kukamata vumbi, ni la pili. Osha paneli asubuhi ikiwa baridi, kwa maji mengi na kitambaa laini. Brashi ngumu na mchanga wa Msimbati hukwaruza ngozi ya juu, na mikwaruzo hiyo haitoki.

Kila mwezi pitisha jicho na kiganja. Seli yenye doa la kahawia, malengelenge chini ya plastiki, au kiboksi cha waya kilicho cha moto kuliko paneli yenyewe, ni sababu ya kuitoa paneli kazini siku hiyohiyo. Paneli iliyo juani haina swichi, kwa hiyo ifunike kwanza kwa turubai zito, ndipo uchomoe viunganishi vya MC4, vile vya plastiki vilivyo kwenye ncha za nyaya zake. Ukivichomoa umeme ukiwa unapita, cheche zake huunguza vidole na kiunganishi pamoja.