Maswali yenu: Kamera inayoona damu bila kugusa, na hataza yake

Ujumbe mwingi uliotufikia mwezi huu kutoka Dodoma, Singida na Mpwapwa unahusu jambo moja: vifaa na programu za simu zinazotumia kamera kuona jinsi damu inavyotembea chini ya ngozi, bila mgonjwa kuguswa, na kama vinaweza kupewa hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako. Leo nayajibu maswali hayo peke yake.

*Shikamoo. Mimi na mwenzangu ni wanafunzi wa UDOM. Tumetengeneza programu inayorekodi uso wa mtu kwa nusu dakika na kutoa mapigo ya moyo. Tunaweza kupata hataza? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Marahaba. Kwa jinsi mlivyoieleza, hapana. Moyo ukisukuma damu, wingi wa damu kwenye ngozi hupanda na kushuka kidogo, na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, hufyonza sana mwanga wa kijani. Jicho halioni badiliko hilo, lakini kamera huliona. Mtafiti Verkruysse na wenzake walilichapisha mwaka 2008 wakitumia kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida wa chumbani. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walifanya hivyo kwa kamera ya kompyuta. Njia nyingine, ya kumulika ngozi kwa leza na kusoma madoa ya mwanga yanayochezacheza, ilikwishaelezwa na watafiti Fercher na Briers mwaka 1981. Hataza inataka uvumbuzi uwe mpya duniani kote. Kwamba hakuna aliyewahi kuiona Dodoma hakuwasaidii.

Ila msifunge faili. Naomba msome tena ujumbe wenu wenyewe, ule mstari wa mwisho kabisa: “tumerekebisha ili ifanye kazi kwa watu weusi sana wakikaa karibu na dirisha.” Hapo ndipo penye mali! Melanini, ile rangi ya asili inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, hufyonza mwanga kabla haujaifikia damu, hivyo ishara inayorudi kwenye kamera huwa dhaifu. Tatizo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa vile vifaa vya kubana kidoleni vya kupima oksijeni ya damu vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kama mmepata njia mahususi ya kuchagua sehemu za uso, kupima mwanga unaobadilika na kuisafisha ishara, na njia hiyo isingemjia kirahisi mtaalamu wa fani hiyo, basi mna jambo la kuombea hataza. Elezeni mlivyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na matokeo ya kulinganisha kabla na baada ya marekebisho. Kusema tu kwamba programu yenu ni bora kwa Waafrika hakutoshi.

*Nimeambiwa sheria yetu hairuhusu hataza kwa njia za kupima magonjwa. Lakini sisi hatumgusi mgonjwa kabisa. Hilo halituokoi? (Tabibu, Singida)*

Ndugu tabibu, hili ndilo swali zito kuliko yote ya leo, na wengi wanajidanganya nalo. Sheria yetu ya Hataza, Sura ya 217, inaziweka kando njia za kutibu na njia za kutambua magonjwa kwenye mwili wa binadamu au mnyama. Papo hapo inaruhusu hataza kwa bidhaa zinazotumika katika njia hizo. Kwa hiyo mlango wa njia umefungwa, ila mlango wa kifaa uko wazi.

Kutogusa hakubadilishi kitu. Ulaya wana katazo kama hilo, na mwaka 2005 bodi ya juu ya rufani ya ofisi yao ya hataza iliamua, katika shauri G 1/04, kwamba inatosha hatua za kiufundi zihitaji mwili uwepo. Si lazima uchomwe wala uguswe. Mgonjwa aliyekaa mbele ya kamera yupo. Lakini bodi hiyo hiyo ilisema katazo linahusu njia iliyokamilika: kuchukua vipimo, kuvilinganisha na hali ya kawaida, kuona tofauti, na hatimaye kuihusisha tofauti hiyo na ugonjwa fulani. Njia inayoishia kwenye kipimo, bila kutamka ugonjwa, inaweza kupita.

Tofauti inaonekana kwenye uandishi wa madai, pale unapotaja hasa unachotaka kilindwe. Ukiandika “njia ya kugundua kwamba mguu wa mgonjwa wa kisukari haupati damu, kwa kurekodi mguu huo na kulinganisha picha na mguu wenye afya,” umejifungia mwenyewe. Andika badala yake “kifaa chenye kamera, taa ya mawimbi mawili ya mwanga, na kichakataji kinachoondoa athari ya mtikisiko na kutoa ramani ya mtiririko wa damu.” Kazi ni ile ile, lakini sasa unadai kifaa.

Marekani shida yao ni nyingine. Tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua kesi ya Mayo mwaka 2012, uhusiano wa asili kati ya kipimo na ugonjwa haupewi hataza. Kesi ya kampuni ya CardioNet ya mwaka 2020, iliyohusu kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo, ilipita kwenye mahakama ya rufani kwa sababu madai yalieleza kifaa kilichoboreshwa. Nenda na mwelekeo huo.

*Sisi tunapima ng'ombe, si watu. Na tumealikwa kuonyesha kifaa Nanenane pale Nzuguni. Tuombe hataza kabla au baada? (Kikundi cha vijana, Mpwapwa)*

La ng'ombe nimeshalijibu hapo juu: sheria imetaja mnyama pia.

La maonyesho: kabla, wadogo zangu, kabla! Ukishaeleza hadharani, maelezo yako mwenyewe yanaweza kutumika kuonyesha kwamba uvumbuzi si mpya. Video kwenye grupu la WhatsApp, bango la MAKISATU (mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), tasnifu iliyowekwa maktaba, vyote vinahesabika. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja wa huruma. Ulaya kwa kawaida haitoi hata siku. Tarehe ya ombi nayo ni kila kitu. Takuo Aoyagi wa Japani, aliyegundua msingi wa kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, aliomba hataza mwaka 1974, na kampuni ya Minolta ikaleta ombi linalofanana wiki chache tu baadaye.

Kama lazima mzungumze na mfadhili kabla ya kuomba, asaini kwanza makubaliano ya kutunza siri.

*Tuombe BRELA, ARIPO au ya dunia nzima? (Msomaji, Area C)*

Hataza ya dunia nzima haipo. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ni kwa Tanzania Bara. Zanzibar ina ofisi yake. ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, linakuwezesha kutaja nchi kadhaa za Afrika katika ombi moja. Kwa nchi nyingi zaidi kuna mfumo wa PCT, yaani mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza, ambao Tanzania ni mwanachama. Vijana wengi nawashauri waanze BRELA, kisha watumie miezi 12 inayofuata kutafuta fedha, maana ndani ya muda huo unaweza kuomba kwingine ukabaki na tarehe yako ya kwanza.

*Msimamizi wangu anataka jina lake liwemo. (Mwanafunzi, Dodoma)*

Kama alichangia wazo lenyewe la kiufundi, liwemo. Kama alisahihisha ripoti tu, mshukuru kwenye ripoti. Soma pia sera ya miliki bunifu ya chuo kabla hujajaza fomu, kwa sababu vifaa na fedha za chuo vinaweza kukipa chuo haki.

*Tukipata hataza, tunaweza kuanza kuuzia zahanati? (Fundi wa vifaa tiba, Dodoma)*

La. Hataza inakupa haki ya kuwazuia wengine. Haikupi ruhusa ya kuuza. Kifaa kinachotoa kipimo cha mgonjwa kinapitia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na huko watataka ushahidi kwamba namba zake ni sahihi. Halafu kuna video za nyuso. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu, na taarifa za afya zinalindwa kwa ukali zaidi. Pateni ridhaa ya mgonjwa kabla kamera haijawashwa, na pale inapowezekana simu ifanye hesabu yenyewe, ibakize namba na kuifuta video hapo hapo.