Kabla Hujauza au Kununua Kemikali za Maabara

Nimeuza kemikali za maabara jijini Mbeya kwa miaka kumi na miwili, na wateja wangu wengi ni shule za sekondari, vyuo na maabara za udongo kuanzia Tunduma hadi Iringa. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni kama maandishi "kwa matumizi ya utafiti pekee" kwenye lebo humwondolea muuzaji haja ya kusajiliwa. Hayamwondolei. Maandishi hayo humweleza mnunuzi kwamba kilichomo hakikuandaliwa kuwa dawa ya kumpa mgonjwa wala kiungo cha chakula, basi.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, ambayo chini yake usajili huo hufanyika, huwapoteza wengi kwa jina lake, kwa kuwa mwalimu wa kemia huona kwamba maabara yake si kiwanda wala si nyumba. Asiishie kwenye jina. Msimamizi wa sheria hiyo ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa hapa Mbeya, na mwenye shaka akaulize huko kabla ya kuagiza mzigo, si baada ya mzigo kufika.

Kosa langu kubwa lilikuwa la usafirishaji. Katika mwaka wangu wa pili shule moja ya Iringa ilihitaji asidi salfuriki kwa haraka kwa ajili ya mtihani wa vitendo, nami nikaifunga chupa ya lita 2.5 katika boksi la kawaida na kuipeleka stendi kama kifurushi chochote kile. Ilipasuka njiani, karibu na Makambako. Asidi ilitoboa fuko la nguo la abiria mmoja, na utingo aliyeingiza mkono kwenye buti akaungua vidole. Nililipia matibabu na nguo, lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba kijana yule hakuwa na namna ya kujua alichokigusa: boksi halikuwa na alama ya hatari, wala hati ya usalama yenye vipengele 16 ambayo ingemwelekeza la kufanya. Tangu siku hiyo sijapakia kemikali kwenye basi la abiria. Mteja akilalamika kwamba gharama imepanda, namweleza sababu, na akikataa, namwacha aende.

Jambo la pili ni kumjua mnunuzi. Asetoni, asidi haidrokloriki na hiyo asidi salfuriki ni vitu vya kila siku maabara, lakini zimo pia katika orodha ya kemikali bashirifu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988, kwa sababu zinaweza kuchepushwa kwenda kutengenezea dawa za kulevya. Mtu akija na fedha taslimu, akataka madumu kadhaa na asiweze kutaja taasisi wala kazi, simuuzii. Kwa wengine wote nadai barua ya taasisi, na ninaandika katika daftari jina la kemikali, kiasi, tarehe na aliyepokea. Wapo wanaoudhika, siwalaumu, ila daftari halifungwi kwa ajili yao.

Kwa upande wako mnunuzi, omba kuona cheti cha usajili cha muuzaji, na uhakikishe kwamba muda wake haujaisha. Kisha agiza kwa namba ya CAS, yaani namba ya kipekee inayotambulisha kila kemikali, si kwa jina peke yake. Sodiamu naitreti ni 7631-99-4 na sodiamu naitraiti ni 7632-00-0. Kwa mwandiko wa haraka majina hayo hufanana, ilhali ya pili ni sumu kali zaidi ikimezwa.

Usinunue kemikali za kutumia miaka mitano kwa sababu bei ya jumla ni nafuu. Nimeingia katika stoo za shule ambamo chupa zimepoteza lebo na hakuna anayethubutu kuzifungua. Chupa kama hizo usizimwage kwenye sinki wala shimoni. Zitenge, ziorodheshe kadiri unavyoweza, kisha peleka orodha hiyo ofisi ya kanda ili uelekezwe jinsi ya kuziteketeza.